Sanduku Lililohamiwa na Nyuki

Kama hujanisikia nikiimba besi, pole sana, bado hujatembea. Hapa Ishiara nusu ya soko huniita Mjomba, na nusu nyingine huogopa mdomo wangu. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, ni mwalimu aliyeshindwa na maswali yangu. Lakini leo sijisifu. Leo nawaambia habari za Mbaka, rika langu, mchonga mizinga, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima mimi huyamaliza kabla ya chai.

Mbaka ana masikio, wacha. Anapita chini ya mti, anagonga mzinga kwa kidole, anakwambia: huu umejaa, huu bado, huu wenyewe wamehama. Hakosei. Kwa hivyo siku Mwalimu Munene wa kwaya alipotuambia ameona Embu mjini ngoma ya sanduku, unaikalia huku unaipiga uso kwa viganja, Mbaka alisimama kule nyuma akasema, "Hiyo naweza."

Tukageuka wote. Miaka ishirini alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mwisho, akifungua mdomo bila kutoa sauti, maana sauti yake ni ya mlango uliokosa mafuta.

"Basi tengeneza, Mzee Mbaka," Mwalimu akasema mbele yetu sote. "Na siku ya kufungua kanisa jipya utaipiga wewe mwenyewe."

Mtu huyo hakulala tena. Pande alitoa kwenye mukau, mti uleule anaochongea mizinga kwa sababu mchwa hawauwezi. Uso akaweka plaiwudi nyembamba, anaigonga, anapiga msasa, anaigonga tena. Nyuma akakata tundu la duara ili sauti ipate pa kutokea. Ikabaki namna ya kuiingiza kwenye spika, na hapo ndipo nilipoitwa mimi, fundi wa mafundi. Nilikuwa na saa ya kuamsha iliyokufa. Ndani yake kuna kisahani cha shaba, chembamba kama ukucha, ndicho hulia asubuhi.

"Kinachoweza kulia kinaweza kusikia," nikamwambia. Maneno hayo niliyatoa kwa fundi wa redio pale sokoni, lakini Mbaka hakuuliza.

Tukakiunga waya, tukakibandika nyuma ya ule uso. Gundi ikakataa. Mbaka akachukua nta, akakigandisha nayo, kisha akaendelea kupaka nta kwenye viungo vyote vya ndani, kama anavyofanyia mzinga mpya.

"Hiyo ni ngoma ama ni nyumba?" nikamtania.

"Mkono umezoea."

Alhamisi, mazoezi ya mwisho, alipiga hadi Celina wa soprano akasahau kuimba. Baadaye akanivuta kando, akanionyesha nyuki watatu wakizunguka lile tundu, wanaingia, wanatoka.

"Hao ni wapelelezi, wanatafutia kundi nyumba," akasema. "Wamesikia harufu ya nta. Si neno, Jumapili nitalipiga moshi kidogo kabla ya kukaa."

Jumamosi Mwalimu akaniita. "Mjomba, kesho atapiga shemeji yangu Njiru, wa Manyatta. Amezoea wageni wakubwa. Usimwambie Mzee Mbaka, ataniharibia kwaya. Na wewe nitakupa maikrofoni ya besi, peke yako."

Maikrofoni. Peke yangu. Nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata kwenye mazishi.

Jumapili, siku ya kufungua kanisa, Mbaka alikuja na suti yake ya harusi na kopo la kufukizia moshi mkononi. Sanduku lilikuwa mbele ya hema, kwenye jua kali, na Njiru juu yake. Mbaka akamwendea Mwalimu.

"Mwalimu, hilo sanduku lina—"

"Mzee, leo tuvumiliane. Kaa na wengine."

"Sisemi nipige. Nasema nyuki—"

"Kaa, Mzee."

Mbaka akanitazama mimi na maikrofoni yangu. Nami nikatazama karatasi ya nyimbo. Akaelewa. Akaweka kopo chini ya kiti, akakaa.

Wimbo wa tatu, spika zikaanza kuvuma. Mwalimu akamkodolea macho kijana wa mitambo: "Punguza hiyo! Punguza!" Kijana akapunguza, mvumo ukazidi. Kile kisahani changu kilikuwa kinawasikia wapelelezi mle ndani, kinafanya kazi yake vizuri mno. Njiru akaendelea kupiga, nadhani alidhani ni baraka. Halafu kundi lenyewe likatua juu ya hema kama moshi mweusi. Wanasema aliyepiga kelele kwanza ni mimi, lakini watu husema mengi. Wageni waliingia chini ya meza na kofia zao. Njiru alishika njia ya Manyatta, na sidhani amefika.

Alibaki Mbaka. Alingoja hadi nyuki wa mwisho akaingia tunduni, akavua koti la suti, akaliziba tundu nalo, akabeba sanduku begani hadi kwake, waya ukiburuta nyuma.

Baada ya mwezi Mwalimu alikwenda kuomba msamaha, na kilo mbili za sukari, na mimi nyuma yake. Sanduku lilikuwa juu mtini, limefungwa kamba kama mzinga mwingine wowote. Waya ulishuka hadi kwenye redio mlangoni, na redio ilikuwa inavuma. Mbaka alikuwa ameketi, anasikiliza.

"Mzee, tulikosana kidogo. Lakini sanduku ni la kanisa, na Krismasi iko karibu."

"Kweli ni la kanisa," Mbaka akasema. "Panda uchukue."

Mwalimu akatazama juu kitambo. Akaaga. Sukari akaisahau.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mbaka akapunguza redio.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Jumamosi."

"Asubuhi ama jioni?"

Ningeweza kusema jioni. "Asubuhi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaongeza redio hadi mwisho, na mvumo wa nyuki ukajaa uwanja mzima. Nikasimama pale. Hakuniambia niketi.