Sentensi ya Sita

Nerima alingoja kazi miaka minne, na darasa alilopewa mwishowe lilikuwa la marehemu. Mwalimu Kiprugut alifariki likizo ya Aprili, akaacha watoto arobaini na watatu wa gredi ya sita, kabati moja la mbao, na rejista iliyojaa vitundu. Mzee alikuwa na mkono mzito, kila nukta yake ilitoboa karatasi.

Shule iko nje kidogo ya Rongai, mahindi yameizunguka pande zote. Nerima alikuwa mwalimu wa mafunzo kwa mkataba wa mwaka mmoja. Chuoni alikuwa amesomea ualimu kupitia simu tu, mwaka ule wa korona, na mwalimu mkuu, Madam Jepkemei, alimkabidhi chaki akasema, "Utazoea tu." Hivyo ndivyo tunavyowaandaa walimu wetu, tunawatupa majini halafu tunashangaa wakinywa maji. Julai kulikuwa na mtihani wa pamoja wa shule zote za zoni, wenye imla ndani yake. Darasa likianguka, mkataba hauongezwi, naye atarudi kukaa kwa shangazi yake huko Kiamunyi, akiulizwa kila jioni kama ametuma maombi.

Katika imla ya kwanza alisoma sentensi tano, kila moja akiimalizia kwa "kituo", kama kitabu chake kilivyosema. Baada ya sentensi ya tano akafunga kitabu. Penseli hazikusimama. Vichwa arobaini na vitatu vilikuwa vimeinama, hakuna aliyekohoa, na nje hata jani la mhindi halikutikisika. Kisha wote waliweka penseli chini kwa pamoja.

"Mlikuwa mnaandika nini?"

"Ile ya mwisho, ticha," akasema Chepchirchir, msichana wa dawati la mbele.

"Ya mwisho ilikuwa ya tano."

"Si umesoma sita, ticha. Hiyo ya sita umesoma na sauti ya chini."

Alikusanya madaftari. Kila mtoto alikuwa ameandika neno "kituo" mwishoni mwa kila sentensi, herufi zote tano, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kituo ni alama. Wote sufuri. Lakini sentensi ya sita haikuwa na kosa kwenye daftari lolote: Hapa tunasema nukta.

Nywele zilimsimama. Alimuuliza Madam Jepkemei kuhusu hiyo nukta, bila kumwambia mengine.

"Kiprugut alikuwa anasema hivyo. Kwani hukuambiwa?"

Nani angemwambia?

Wiki iliyofuata alisema nukta, na sentensi ya sita ikaja vilevile: Usitembee ukisoma. Nyingine ikaja: Rudia mara mbili, polepole. Alitii zote. Aliogopa hata akashindwa kuligeuzia darasa mgongo, akawa anaandika ubaoni kiubavu kama kaa. Lakini alama zilipanda, na kusema kweli hapakuwa na mwingine wa kumfunza kazi.

Hofu kubwa ilikuwa ya mtihani wenyewe. Sentensi ya ziada, ileile kwa watoto wote, kwenye karatasi za zoni, ingeitwa wizi. Siku moja kabla, watoto wakiwa michezoni, alisimama mbele ya lile kabati la marehemu.

"Mzee, nimeshukuru. Lakini kesho, tafadhali, niachie mimi."

Aliona haya kubembeleza mbao.

Kesho yake asubuhi Madam Jepkemei aliketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini. Nerima alisoma amesimama pahali pamoja, akirudia mara mbili. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

"Nukta."

Penseli arobaini na tatu zililala juu ya madawati. Hakuna mtoto aliyeendelea. Nerima alivuta pumzi, na hapo ndipo aliposikia kalamu moja ikikwaruza bado.

Ilikuwa ya mwalimu mkuu. Aliandika kichwa ameinamisha, akamaliza, akainua macho.

"Hiyo ya mwisho umesoma chini sana," alisema Madam, "lakini nimeishika."

Nerima alitembea hadi nyuma. Kwenye nafasi ya maoni, juu ya sahihi, palikuwa na sentensi moja: Huyu sasa ni mwalimu, aachwe darasani.

Machozi yalimtoka. Alipitisha kidole mwisho wa sentensi. Nukta ilikuwa imetoboa karatasi.