Mke Mwenza wa Waya na Betri

Wanawake wengine wa rika langu waliletewa mke mwenza mwenye miguu miwili. Mimi nililetewa wa waya na betri. Aliingia ndani ya boksi la mbao, mwaka ule tulipohamia nyumba za wafanyakazi wa simu hapa Kisumu, na kabla sijauliza atakaa wapi nikaambiwa meza yangu ya kupigia pasi ndiyo yake. Nikamwita nyieka, mke mwenzangu, na jina likashika. Hata majirani wakinijulia hali asubuhi walimalizia, "Na nyieki, mwenzako, aliamkaje?"

Mume wangu alikuwa fundi wa simu. Kutwa alipanda milingoti kuunganisha watu waongee, na akirudi nyumbani hana neno. Umuulize kama mboga imekolea chumvi, "Mm." Umwambie mtoto ana homa, anainuka, anampapasa paji la uso, anavaa viatu na kwenda kutafuta dawa, yote bila kufungua mdomo. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa kimya mpaka ukasahau kama yuko chumbani. Lakini akikaa mbele ya nyieka, redio ile ya kuongea na watu wa mbali, yawa, ulimi ulifunguka. Alimweleza mtu wa Zambia jinsi mvua ya Kisumu inavyoanza. Alimweleza mtu wa Japani habari za antena aliyoifunga sambamba na kamba yangu ya nguo. Mvua hiyo hiyo mimi hakuwahi kunieleza. Nilimwonea wivu yule mtu wa Japani, na sioni haya kusema.

Wenzake wa klabu ya redio walikuwa wachache, na ukiwaona barabarani huwezi kudhani wana jambo la kuzungumza pamoja. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma na rangi mjini. Mikutano ilifanyika kwake, nyuma ya makopo. Kulikuwa na mwalimu wa fizikia kutoka Maseno, na makarani wawili watatu ambao hawakukosa mkutano. Siku hizo simu ilikuwa kitu cha ofisi na cha matajiri wa Milimani. Kwa hiyo shule zikiwa na mbio, kanisa likiwa na matembezi ya kusaidia zahanati, au maonyesho ya kilimo yakifika, wao ndio walioitwa. Kila mmoja alisimama kwenye kona yake na redio ya mkono. Mtoto akipotea maonyeshoni, mama yake aliambiwa yuko kwa ng'ombe wa maziwa, anakula muwa. Mkimbiaji akianguka kwenye njia ya Maseno, gari la huduma ya kwanza lilijua ni karibu na duka gani. Ujira wao ulikuwa chakula, na mpishi nilikuwa mimi.

Hivyo nilizijua desturi zao nikiwa nimeketi kando ya sufuria. Kama umepata ujumbe na huna la kuongeza, husemi kitu. Unabonyeza kitufe cha kuongelea mara mbili, na kwenye spika za wenzako inasikika tk, tk, maana yake nipo, nimepokea. Niliposikia hivyo nikasema desturi hii bila shaka aliitunga mume wangu. Halafu jioni, kazi ikiisha, mwenyekiti aliita vituo vyote kimoja kimoja, kwa mpango ule ule, na hakuna aliyekunja waya mpaka wa mwisho aitike. Na asiye na leseni hakugusa maiki. Mzee alikuwa mkali kwa hilo. Aliwahi kumtoa nje mpwa wake mwenyewe kwa kusema "halo" tu.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mashindano ya mitumbwi. Vijana wa fuo mbalimbali walipiga makasia kutoka Dunga mpaka kwenye alama ya madumu iliyoelea mbali kule, wakaizunguka na kurudi. Kituo kikuu kilikuwa chini ya turubai pale Dunga, mwenyekiti kwenye maiki, mimi kwenye sufuria. Mwalimu wa Maseno alikuwa ng'ambo, Usoma. Karani mmoja alisimama gatini. Mume wangu alikuwa ndani ya boti ya injini karibu na madumu, yeye na mvuvi mmoja wa Dunga, kuwaokoa watakaopinduka.

Asubuhi ile mimi na mume wangu tulikuwa tumekosana. Mama yangu mzazi alikuwa anakuja Jumapili, na nilitaka kujua kama yeye atakuwepo nyumbani. Akasema, "Mm." Nikauliza hiyo ni ndiyo au hapana. Akafunga begi lake. Nikamwambia nimechoka kuita mtu asiyeitika, iko siku nitaacha. Alinitazama kidogo, akatoka.

Miaka hiyo magugumaji yalikuwa yameshaingia ziwani. Unalala ghuba ikiwa maji, unaamka imekuwa shamba. Mchana ule maji yalikuwa wazi, lakini baada ya chakula mawingu yalishuka kutoka upande wa Nandi na upepo ukageuka ghafla. Mitumbwi yote ilikimbilia ufuoni. Vijana waliruka majini wakicheka, wamelowa, wakaanza kubishana nani angeshinda. Ndipo tuliponyanyua macho tukaona kijani kinasukumwa kuingia ghubani, kinene, mpaka pale madumu yalipokuwa. Boti haikuonekana.

Mwenyekiti akaita. Usoma ikajibu kwamba mvua imefunga, haioni kitu. Gati ikajibu hivyo hivyo. Boti ikawa kimya. Akaita tena, kimya. Wavuvi walikuwa wanasema hakuna injini itakayopita kwenye majani yale, na ghuba ni pana, waanzie wapi. Mzee alitaka kwenda kuzungumza nao. Akatazama huku na huku chini ya turubai, hakuna mwanachama mwingine. Akanipa maiki.

"Mama, wewe ita," akasema. "Kila mtu kwa mpango yake. Ruka mtu hapana. Choka hapana."

Mikono yangu ilinuka vitunguu. Nikaita Usoma. Mwalimu, sauti ikionyesha mshangao, akasema, "Usoma nipo, Mama." Nikaita gati, gati yupo. Nikaita boti. Hakuna. Nikaanza upya. Usoma yupo, gati yupo, na mimi nawachukia wote wawili kwa kuitika, maana kila walipoitika walinichelewesha kumfikia yeye. Boti. Hakuna. Niliogopa. Maneno yangu ya asubuhi yakawa yananizunguka kichwani. Nikasahau lugha yao ya vituo.

"Baba watoto," nikasema, "ni mimi. Uko?"

Tk, tk.

Nikaketi mchangani. Mwenyekiti alikuja mbio, akatega sikio, akasema betri imelowa au imechoka, sauti haitoki lakini kitufe bado kinafanya kazi. Sasa tutajuaje alipo? Nikamwambia mzee aniachie mimi. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu niolewe. Kama kuna mtu Nyanza nzima aliyejua kumchimba yule bwana kwa maswali ya kujibiwa "mm", ni mimi.

"Ikiwa ndiyo, bonyeza mara mbili," nikamwambia. "Ikiwa hapana, mara moja. Mko wote wawili?"

Tk, tk.

"Mko kwenye maji wazi?"

Tk.

"Mmekwama ndani ya majani?"

Tk, tk.

"Boti inaingiza maji?"

Hapo alikawia, kisha, tk, tk. Alikawia kwa sababu hakutaka kunitia hofu. Nilimjua.

Wavuvi walikuwa wamenizunguka sasa, wananipa maswali. Muulize kama upepo unampiga mgongoni akitazama mjini. Muulize kama anaona matangi ya mafuta. Muulize kama anaona mafunjo. Niliuliza yote, na kila jibu mzee mmoja wa ufuo alilichora kwa kijiti mchangani, mpaka akasimama na kusema wako kati ya gati na hapa, karibu kuliko tulivyodhani. Wakachukua mitumbwi na pondo, maana majani yale hayapitiki kwa injini, unasukuma tu. Wakaondoka.

Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba betri ile haina muda mrefu. Basi nikasema, "Baba watoto, wanakuja. Sasa usibonyeze tena, tunza betri. Mimi nitaongea, wewe sikiliza."

Na nikaongea, jameni. Nilimweleza habari za maharagwe yaliyokuwa jikoni. Nilimweleza kwamba mama yangu anakuja Jumapili na anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Nilimweleza jinsi mvua ilivyoanza pale Dunga, tone la kwanza lilianguka wapi. Nikamwambia kamba ya nguo aendelee nayo, antena ikae. Nikamwambia nilisema uongo asubuhi, siwezi kuacha kumwita. Klabu nzima ilikuwa inasikiliza, kutoka Usoma mpaka gatini, na hakuna hata mmoja aliyenikatiza. Mwenyekiti, mtu wa sheria, alinipa mgongo akawa anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Waliwaleta wote wawili kabla giza halijaingia. Mume wangu alishuka amelowa chapachapa, majani yamejaa mifukoni, redio iliyokufa ameikumbatia kifuani. Alisimama mbele yangu akasema, "Nilikusikia. Yote."

Mwenyekiti hakukubali tuondoke hivi hivi. Akaketi kwenye maiki akafunga kazi kwa mpango wake. Usoma, yupo. Gati, yupo. Boti, mume wangu akajibu kwa mdomo wake, pale pale kando yangu, "Nipo." Halafu mzee akanisogezea maiki, akaita, "Mama?" Mimi ninajulikana kwa maneno mengi. Nikabonyeza mara mbili.

Kisha simu za mkononi zikaja, na watu wa mashindano wakaacha kutuita. Duka la vyuma sasa linauza viatu. Mzee alizikwa, mwalimu alistaafu akarudi kwao. Nyieka bado yuko kwenye meza ile ile ya pasi. Nimemfumia kitambaa cha kumfunika, na vumbi nampangusa mwenyewe.

Mume wangu masikio yamekwisha. Daktari anasema ni uzee, mimi nasema ni vile visikizio alivyovivaa miaka yote. Jioni tunaketi mezani, namweleza habari za mtaa, nani ameoza binti, ng'ombe wa nani ameingia kwa nani. Kila nikifika mwisho wa habari anagonga meza kwa kidole, tk, tk, huku anatazama dirishani. Hajasikia hata neno moja, na mimi najua. Zamani ningenuna.

Siku nyingine nachoka, nanyamaza. Basi kiganja chake kinatandazwa juu ya mbao na anagonga yeye kwanza, kisha anangoja. Sauti haisikii, lakini meza anaihisi. Nagonga mara mbili.