Jiko la Gesi la Sebuleni

Sogeeni hapa, na huyo anayecheka anyamaze kwanza. Jumapili moja nilikuwa kwa jirani, huku Singe. Mwenye nyumba alisimama mbele ya familia akahubiri: tabianchi imeharibika, mvua haina adabu tena, kuanzia leo kuni marufuku. Akatuonyesha jiko jipya la gesi, liko sebuleni kando ya televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mkewe akapangusa macho yaliyowiva kwa moshi. “Asante, Baba Neema. Nilihamishie jikoni sasa?”

“Jikoni lipate masizi? Hilo ni la chai ya wageni.”

“Na makande?”

“Makande ya gesi yana ladha gani, mama? Hayo pikia kuni.”

Binti yao akadakia, “Kwani baba, moshi wa makande hauharibu mvua?”

“Una mdomo kama wa shangazi yako!”

Mama akatoka kwenda kuchochea kuni. Mzee akabaki analifuta jiko vumbi kwa shati lake.

Basi, mjue nani alipata nini. Mzee kapata sifa kanisani kwamba anatunza mazingira. Sisi wageni tumepata chai. Yule mama kapata kifua, siku hizi analala ameketi.