Uwele Chini ya Dirisha

Mama alikuja Ipagala kutoka Kongwa kunisaidia kulea, na kwa miezi mitatu mwanangu hakulala mchana mahali pengine isipokuwa mgongoni kwake. Alimfunga kwa kanga, akashika ungo na kupepeta uwele aliokuja nao kutoka shambani. Haikuchukua muda mtoto alikuwa hoi kwa usingizi.

Nilichukia, nasema kweli. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inakwisha, na kituo cha kulelea watoto nilichompatia nafasi walinieleza mapema kwamba wao hawabebi mtoto mgongoni. Asiyejua kulala peke yake angelia mpaka jioni. Nikamwambia mama kwamba kuanzia Jumatatu mtoto atalazwa kitandani akiwa macho, aachwe ajibembeleze mwenyewe, na yeye asimguse.

“Hata akilia?”

“Hata akilia, mama. Umemdekeza mno.”

“Haya, mwenye mtoto ni wewe.”

Alitii kuliko nilivyotarajia. Alichukua ungo wake, akaenda kukaa nje kwenye kigoda, chini ya dirisha la chumba. Mtoto alilia, nami nikasimama sebuleni nimekunja mikono kama askari. Siku ya kwanza alilia hadi sauti ikakauka. Siku ya tatu alinyonya vidole, akageuza kichwa upande wa dirisha, akalala. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

Nilipotoka nje nilimkuta mama bado anapepeta juani. Uwele ulikuwa safi, hauna hata pumba moja.

“Mama, huo si uliupepeta jana?”

“Una mchanga,” akasema bila kuniangalia.

Nikamcheka. Alhamisi nikamwambia mtoto ameshajua, kwa hiyo anaweza kurudi kwake. Hakubisha. Alikunja kanga yake, akachukua ungo, akaondoka.

Ijumaa mtoto hakulala, wala Jumamosi. Alilia wiki mbili, nyumbani na kituoni, nami nikasingizia meno. Mama alipopiga simu kuuliza kama analala, nikamjibu analala vizuri, mwenyewe kabisa. Kiburi tu. Akasema, “Nilitaka kuja hata siku mbili.” Nikamwambia asijisumbue. Hatimaye mtoto alizoea, kwa namna ambayo sipendi kuikumbuka. Alikoma kutuita.

Mama alifariki ghafla kabla ya mavuno, kwa presha. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka. Msibani Kongwa umati ulimtisha, akaanza kulia upya, akakataa kila mgongo na kila paja, la kwangu likiwemo. Mama yangu mdogo akanipokonya, akaenda kumweka kwenye mkeka nyuma ya nyumba, wanawake walikokuwa wanaandaa chakula cha waombolezaji.

Nilipomfuata nikakuta kilio kimekoma, panasikika mchakacho wa uwele kwenye ungo tu. Wanawake wawili walikuwa wanapepeta uwele uliobaki kwenye ghala la mama. Mwanangu alikuwa amegeuza kichwa upande wao, vidole mdomoni, amelala. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Nikakaa chini pale pale, nikalia kwa sauti mpaka wakaacha kazi. Wakanishika mabega, wakanipa pole ya kufiwa. Sikuweza kuwaeleza kwamba mama alikaa juani siku tatu akipepeta uwele safi, kwa sababu mimi nilimkataza kumgusa mjukuu wake.