Nyumba ya Mlango Mmoja

Wezi walipoingia mara ya pili kwa mlango wa nyuma, sisi wapangaji wa ile nyumba ya Kitaji tulimpigia simu mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi Bunda, tukamwambia kama hafanyi kitu tunahama. Alikuja mwenyewe, na mafundi. Mlango wa nyuma ukazibwa kwa matofali na kupigwa lipu. Kila dirisha likawekwa nondo nene, zikachomelewa na kuzamishwa ukutani. Mbele, mwanzoni mwa korido, akafunga geti la chuma. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na mlango mmoja tu.

"Sasa laleni," alituambia. "Hata panya atabisha hodi."

Tulicheka, tukamshukuru. Tulikuwa tumechoka kuibiwa.

Chumba cha kwanza, kando ya geti, alikaa kijana muuza soda, na friji yake. Kilichofuata alikaa dada mmoja msusi, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiniita wifi kwa sababu tu kaka yangu aliwahi kumsifia mbele ya watu. Mimi nilikaa cha tatu, cha mwisho, huko nyuma.

Mama yangu akaletwa kutoka Bugwema kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili lilikuwa linaona ukungu tu. Alipapasa dirisha langu nondo kwa nondo.

"Hii ni nyumba kweli?" aliuliza. "Kule kwetu ng'ombe ndio tunawafungiaga hivi."

"Ni wezi, mama. Mjini hapa."

Alirudi kitandani akipapasa ukuta.

Jumapili moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Nilimwacha mama kitandani nikaenda mwaloni, ziwani wanakoshushia samaki, kutafuta sato wa supu. Nikiwa bado nachagua samaki, muziki ukalipuka ghafla kwenye vibanda, nikajua umeme umerudi. Nilipanda bodaboda nikiwa na samaki wangu kwenye mfuko. Tulipokata kona ya mtaa wetu dereva akapunguza mwendo.

"Dada, pale si panaungua?"

Nilidhani kuna mtu anachoma takataka. Kisha nikaona bati letu.

Moto ulikuwa umeanzia chumba cha muuza soda, kwenye friji au kwenye nyaya zilizopita juu ya dari, sijui. Ulikuwa umelijaza geti lote. Watu walikuwa wanarusha ndoo za maji, na maji hayakufanya kitu. Nilizunguka nyuma nikikimbia, nikashika nondo za dirisha langu.

"Mama!"

"Niko hapa." Sauti yake ilikuwa karibu kabisa, chini ya dirisha. "Nimefika hadi mlangoni, nikakuta moto. Nitokee wapi, mwanangu?"

Nilipenyeza mkono wote hadi begani nikamshika. Moshi ulikuwa unatoka dirishani kwa kasi, mweusi, unapita juu ya kichwa chake na kuniingia mimi machoni.

"Usiniachie," alisema.

"Sikuachii."

Wanaume walikuja na mtaimbo na sururu. Walichomeka mtaimbo katikati ya nondo, wakaning'inia juu yake kwa uzito wa miili yao. Nondo hazikutikisika. Yule fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Upande wa barabarani tulisikia king'ora cha gari la zimamoto, kisha kikabaki pale pale, kwa sababu uchochoro wetu ulikuwa umejengewa vibanda pande zote mbili, na gari halikuweza kupita. Mama alianza kukohoa. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Nilipiga kelele ambazo mpaka leo koo langu linazikumbuka.

Mtaimbo ukateleza, ukagonga ukuta chini ya dirisha. Lipu ikabanduka kipande kikubwa, na nyuma yake ukamwagika udongo mkavu.

"Ni udongo!" mtu alipaza sauti. "Imejengwa kwa udongo! Achaneni na nondo, pigeni ukuta!"

Mwenye nyumba alikuwa ametumia saruji kwa nje tu. Matofali ndani yalishikana kwa tope. Ukuta uliporomoka kwa mapigo machache, nondo zikabaki zinaning'inia kwenye fremu, na mama akavutwa kupitia tundu lile kwa mabega, bandeji yake ikiwa nyeusi. Alikuwa anapumua.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anauliza kwa sauti nani bado yuko ndani. Tulimwambia hakuna mtu. Muuza soda alikuwa kanisani. Msusi alikuwa saluni, kwa sababu Jumapili ndiyo siku yake ya wateja.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo wake kwenye miguu yangu.

"Nani alikuwa anagonga?" aliuliza.

"Wanaume hawa, mama."

"Hapana. Kwenye ukuta wa chumba cha pili. Aligonga sana, halafu akanyamaza."

Hapo hapo binti mmoja wa saluni akafika anakimbia, miguu peku. "Mmemtoa? Si alirudi? Alisema kichwa kinamuuma, anakuja kulala!"

Dirisha la msusi lilitazama ukuta wa jirani, na nafasi iliyokuwepo mtu alipita kiubavu tu. Hakuna aliyekuwa amepita huko. Walipofika bati lilikuwa limeshaanguka. Walibomoa ukuta kama walivyobomoa wetu, nao pia ulikuwa udongo, nao pia uliporomoka upesi. Walimkuta chini ya dirisha. Vidole vyake vilikuwa vimeshika nondo.

Tulimzika kwao, ng'ambo ya Bunda. Mwenye nyumba alikuja, akalia kilio cha kweli.

"Mliniomba wenyewe," alituambia kaburini. "Si mliniomba?"

Tuliendelea kufukia kaburi.

Lile jicho la mama halikupona. Alirudi Bugwema, na akisikia mtu anatwanga kwa jirani huuliza nani anagonga, akisema waende wamfungulie.

Mtaani kulifanyika kikao kuhusu nondo. Watu walisema zikatwe, zifungwe kwa bawaba ili zifunguke kutoka ndani. Kisha wezi wakaingia nyumba ya jirani, wakamjeruhi baba wa watu kwa panga, na mazungumzo yakaishia hapo. Nyumba yetu imejengwa upya. Mlango ni mmoja.

Mimi nilihamia Kigera. Jambo la kwanza nilimwita fundi akate nondo za dirisha moja, aweke bawaba na kufuli, ufunguo nikautundika kwenye msumari kando yake. Mama mwenye nyumba, mjane, aliona alipokuja kukagua maji.

"Nani kakuruhusu?"

Nilimsimulia yote. Alinisikiliza amesimama, machozi yakamlengalenga. Nilidhani ameelewa.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Lakini ukiweza kufungua wewe, na mwizi ataweza. Mimi nina wajukuu humu. Chomelea, au utafute kwingine."

Nimeanza kutafuta kwingine. Kila nyumba ninayoonyeshwa, dalali ananipeleka kwanza dirishani, anazishika nondo kwa mikono miwili na kuzitikisa, ili nione zilivyo imara.