Gita Lililopakwa Nta

Harufu ya nta ikinifikia puani, popote nilipo, narudi kijijini kwetu Mwamkulu bila nauli. Si asali ninayoisema. Asali siku hizi inauzwa kila mahali, imetiwa kwenye chupa yenye karatasi na picha ya ua. Nasema nta yenyewe, ile ya njano iliyokolea, iliyoyeyushwa kwenye sufuria kuukuu, ikamiminwa bakulini na kugandia humo mpaka ikachukua umbo la bakuli. Nyumba yetu ilinuka hivyo mwaka mzima. Sare za shule zilinuka nta, madaftari yalinuka nta, na wenzangu darasani, ambao wengi walikuwa watoto wa wafugaji na wao wenyewe walinuka maziwa, waliniita Nyuki. Sikuchukia. Nilikuwa mdogo kwa umbo na mwepesi wa kukasirika, kwa hiyo jina lilinikaa vizuri.

Wiki iliyopita niliikumbuka harufu hiyo kwa kuikosa. Nilikuwa dukani hapa Tabora ninakoishi, nimeshika gita dogo la safari, lile ambalo mwili wake ni kama nusu ya gita la kawaida, nikainamisha pua kwenye tundu lake la katikati. Lilinuka rangi tu. Muuzaji, kijana mpole, aliniangalia kama mteja anayenusa samaki. Alisema tu kwamba gita hilo naweza kwenda nalo popote, hata kwenye basi ningelipakata. Nilimwambia nitarudi kesho. Sikuwa namdanganya, nilishindwa kuamua, na kushindwa huko nimekurithi kwa baba, mtu aliyewahi kuumia wiki nzima kwa ajili ya gita kama lile lile.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nikiwa darasa la tatu, mwisho wa kiangazi. Baba alilima mpunga kama watu wengi wa pale kwetu, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu kwamba yeye ni mrina asali. Mizinga yake ya magome ya miti ilikuwa imetundikwa mbali porini, na alipokwenda kuitazama alikaa huko wiki tatu. Alifunga kwenye baiskeli kamba, panga, mfuko wa unga na dumu la maji, akanishika kichwa, akaondoka. Mimi nilibaki nikichora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mmoja kila asubuhi. Siku zile nyumba ilipoa. Mama alipika ugali mdogo, hakuimba, na mtu akipita na baiskeli barabarani sote wawili tulinyamaza kusikiliza kama itakata kona kuja kwetu. Nililichukia pori lile kwa moyo wangu wote, ingawa ndilo lililoninunulia madaftari.

Jambo moja kuhusu baba lilinishangaza tangu nilipopata akili. Mkono wake wa kushoto haukutulia. Akishika mpini wa jembe, vidole vinne vilibonyeza mti, vikaachia, vikahamia chini kidogo, vikabonyeza tena. Alifanya hivyo kwenye usukani wa baiskeli na kwenye ukingo wa meza akisubiri chakula. Mama ndiye aliyenieleza. Baba alipokuwa kijana aliishi Karema kwa mjomba wake mvuvi, akajifunza kupiga gita la kwaya, na mama alikuwa mwimbaji katika kwaya hiyo hiyo. Walipooana na kuhamia Mwamkulu, gita lilibaki Karema kwa kuwa lilikuwa la kanisa. Mama alipenda kutania kwamba alidanganywa na gita akaolewa na mizinga. Baba alicheka kila mara, lakini vidole vyake havikuacha kubonyeza.

Basi mwaka ule Mwalimu Festo, aliyekuwa akifundisha darasa la saba, alipata uhamisho, akaanza kuuza vitu ambavyo hakutaka kuhangaika navyo kwenye treni. Miongoni mwao lilikuwamo gita dogo lenye nyuzi sita na mfuko wake wa turubai wenye mkanda wa kubebea begani. Alilileta nyumbani Jumapili jioni, akamwambia baba akae nalo mpaka Jumamosi. Akilipenda alinunue, asipolipenda Mwalimu angelipitia akielekea stesheni. Mama Kabula, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuja kulitazama, akaliinua kwa mkono mmoja, akauliza huyu ndama mama yake yuko wapi. Tulicheka sana. Mama yangu alicheka kidogo kuliko wengine, kwa sababu alijua hela ya kulinunulia ingetoka wapi.

Hela ilikuwepo. Ilikuwa ya asali ya msimu ule, imewekwa kwenye kopo juu ya kabati, na ilikuwa ya mabati. Nyumba yetu iliezekwa kwa nyasi ambazo zilikuwa zimechoka, na masika yaliyopita tulilala tukihamisha mkeka kutoka kona hadi kona. Mama alikuwa amesubiri bati miaka mingi kuliko umri wangu. Hakuwa mtu wa makelele. Jumapili ile alisema mara moja tu, akiwa anachambua mchele, na nilimsikia vizuri kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu naye.

"Baba Skola, lingekuwa kubwa nisingesema kitu. Kubwa lingekaa hapa nyumbani. Hili limetengenezwa kwa ajili ya kuondoka. Ukishakuwa nalo huko porini, utarudi kufanya nini?"

Baba alikuwa mtu wa kuamua kesho. Jumatatu alisema atalirudisha, Jumanne akasema mabati yanaweza kusubiri mvuno mwingine, Jumatano akasema atalirudisha. Lakini kila jioni, kabla ya chakula, alilishusha kutoka kwenye msumari wa barazani, akakaa kwenye kigoda, akapiga. Siku ya kwanza vidole viligoma na akajicheka mwenyewe. Siku ya pili wimbo ulitoka. Siku ya tatu mama, aliyekuwa jikoni, akaanza kuimba sauti ya pili bila kutoka nje, kana kwamba sauti ile haikuwa yake. Nilisimama katikati, kati ya baraza na jiko, na nilikuwa na furaha ambayo sijaisahau mpaka leo. Nilitaka lile gita libaki. Na maneno ya mama yalikuwa yameniingia, hivyo nilitaka pia lisiende popote, wala baba asiende nalo.

Nilijua dawa yake. Nilikuwa nimemwona baba mara nyingi akiandaa mzinga mpya. Aliufukiza kwanza, kisha akachukua bonge la nta, akalipasha moto mkononi, akapaka ndani kote mpaka mkono ulipofika. Nilipomuuliza sababu, alisema mzinga usiopakwa nta nyuki wanaupita tu, ila ukipakwa wanaona pameshakuwa kwao, wanaingia na hawaondoki. Kwa akili yangu ya miaka tisa sikuona sababu ya dawa hiyo kufanya kazi kwa nyuki peke yao. Alhamisi mchana, mama akiwa kisimani, nilivunja kipande cha nta, nikakipasha juani, nikapitisha mkono wangu mwembamba kati ya nyuzi na kupaka ndani ya gita kila mahali vidole vilipofika. Nilipaka kwa bidii. Halafu nikalirudisha kwenye msumari na kumwomba Mungu abariki kazi yangu.

Ijumaa nyuki wawili watatu walizunguka tundu la gita, wakaingia, wakatoka. Mtoto wa mrina asali anajua maana yake. Hao ni wapelelezi, wametumwa kukagua nyumba. Jumamosi alfajiri nikaongeza nta nyingine kwa siri. Siku hiyo, karibu na saa nne, tulisikia mvumo ukitoka upande wa mashamba, na anga ya uani ikawa nyeusi kidogo, kisha kundi zima likatua barazani. Walilifunika gita lote, shingo na mwili, wakaanza kumiminika ndani kwa zamu bila haraka yoyote. Mama alinivuta tukasimama mbali. Baba alipofika kutoka shambani alivua kofia, na sijawahi kumwona tena akiwa na uso kama ule. Alikuwa kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni mkubwa.

Katika ukoo wa baba ilikuwa hivi: nyuki waliokuja wenyewe nyumbani kwako hawafukuzwi siku ile. Ni baraka, na unawahifadhi mpaka kesho yake jua likizama, ndipo unawahamishia kwenye mzinga. Nyuki walioitwa ni jambo jingine. Hao ni wa kazi, unaweza kuwafukiza ukitaka. Kwa hiyo Mwalimu Festo alipotokea na baiskeli yake mchana ule, treni ikimsubiri, alikuta gita lake limekaliwa. Alisimama kwenye njia, mguu mmoja chini, akauliza kwa sauti ya adabu kama linaweza kupatikana. Baba alimwambia halipatikani leo. Mwalimu akasema basi amlipe. Baba akamgeukia mama.

Mama alikuwa amenishika mkono. Aliuinua, sijui kwa nini, labda alihisi vidole vyangu vinanata, akaunusa. Kisha akanitazama. Nilijua amejua. Alikuwa na maneno machache tu ya kusema: wameitwa hao, mtoto kapaka nta. Baba angewasha moshi, nyuki wangeondoka, gita lingepanda treni na mabati yake yangepanda juu ya nyumba. Nilisubiri. Mama aliushusha mkono wangu polepole.

"Nenda kanawe," aliniambia. Kisha akamwambia baba, "Mlipe Mwalimu. Ila nyuki wamelikuta hapa, na hapa litakaa. Haliendi porini."

Baba alikubali mbele ya Mwalimu na mbele ya nyuki, na neno lake lilikuwa neno. Kesho yake jioni aliwahamishia kwenye mzinga nyuma ya nyumba, akalisafisha gita kwa wiki mbili, lakini nta ya ndani kabisa, niliyoipaka mimi, haikutoka. Sauti yake ikawa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa Mwalimu alipolileta. Mvua zilipoanza, paa lilivuja vibaya kuliko mwaka uliotangulia. Mama alipanga masufuria chini ya matone, na sikumsikia akilalamika hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenichapa. Baba alikwenda porini bila gita. Nilianza kuchora mistari yangu ya mkaa kama kawaida. Nilipofika mstari wa kumi na moja nilisikia baiskeli ikikata kona. Alisema alikuwa na haraka ya kuja kunywa maji ya kwetu, akaegesha, akaenda moja kwa moja kwenye msumari. Safari iliyofuata ilikuwa ya siku nane. Gita lililotengenezwa kwa safari halikusafiri kamwe, na mwenye kusafiri akawa anarudi.

Baba hayupo tena sasa. Nyumba ya Mwamkulu ina mabati. Niliyanunua mimi kwa mshahara wangu wa kwanza, na mama hakuniuliza kwa nini nilikuwa nalia tulipoyapigilia. Jioni ya siku ile niliyotoka dukani, nilimpigia mama simu. Nilimweleza kuhusu gita dogo, kisha nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza, kwamba siku ile kwa nini alininyamazia.

"Mkono wako ulinuka mzinga mzima," alisema, nikamsikia anatabasamu. "Bati ningelipata tu, mwanangu. Baba yako ningempata wapi?" Kisha akauliza, "Na hilo unalotaka kununua, la nani?"

"La kwangu, mama. Niwe nasafiri nalo kazini."

"Oliva ana miaka mingapi sasa?"

"Tisa."

"Huko dukani makubwa hayapo?"

Nilisema yapo, akanitakia usiku mwema na kukata simu.

Kazi yangu ni kuwafundisha wahudumu wa zahanati za vijijini, na hunichukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwanangu Oliva hubaki na baba yake. Watoto wa siku hizi wana mambo mengi ambayo sisi hatukuwa nayo; wana simu za kuniona uso nikiwa mbali, wana taa, wana paa lisilovuja, na nilikuwa nimejiridhisha kwamba wiki mbili zao ni fupi kuliko zetu. Baada ya simu ya mama nilikwenda jikoni kunywa maji. Kwenye kalenda iliyotundikwa karibu na mlango, mwezi uliopita, kulikuwa na vistari vya kalamu nyekundu, kimoja kwa kila siku niliyokuwa safarini. Nilikuwa nimeviona kabla. Nilidhani Oliva anahesabu siku za likizo.

Kesho yake asubuhi nilirudi dukani. Kijana alishusha lile dogo kabla sijasema kitu, nikamwomba alirudishe na anishushie kubwa la nyuma yake. Alinionya kwa upole kwamba hilo kusafiri nalo ni tabu. Nikamwambia najua.