Punje Moja Ndani ya Kopo la Muzee wa Bigo

Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, tulikuwa katika somo la jiografia wakati prefe, mkuu wa shule yetu, alipoingia bila kubisha, akavua miwani, akatangaza kwa Kifaransa kwamba muzee wa mtaa wa Bigo alifariki alfajiri. Kisha akarudia kwa Kiswahili, sauti ikiwa chini kabisa: "Muzee wetu ametutoka." Ile ya kwanza ilikuwa tangazo, hii ya pili ndiyo iliyotufikia. Nyinyi munaosoma kona yangu kwenye gazeti hili la ukutani wakati wa mapumziko munajua kwamba sitaji majina ya watu, na munajua pia kwamba naandika kwa sababu kusema mbele ya watu kunanishinda. Leo jina halihitajiki. Bunia nzima ilikuwa na muzungu mmoja tu mwenye ndevu zilizogeuka rangi ya tumbaku, aliyekuja kutoka Polonia zamani sana, aliyesema Kiswahili chetu na si kile cha vitabu, na aliyekuwa na benchi moja mbele ya nyumba yake ambalo nusu ya mtaa imewahi kulikalia. Nilipaswa kulia, wengine walilia. Mimi niligeuza kichwa kumtafuta mwenzangu, yule aliyehamia kiti cha karibu na dirisha tangu Jumatatu, na nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni hiki: sasa ile punje yake nitaielewa namna gani?

Kwa wale ambao hawakufika kwake, nieleze. Muzee alikuwa mwanahistoria, na namna yake ya kazi ilikuwa moja. Hakukubali kusikiliza habari ya vita, ya mbio au ya shamba lililochomwa kutoka kwa mtu mmoja peke yake. Ilibidi muje wawili, wa pande mbili ambazo kwa kawaida hazikai pamoja, na mukae kwenye benchi lile lile huku munaangalia barabara, si kuangaliana. Mmoja anasimulia mpaka mwisho. Mwingine amekatazwa kufungua kinywa, lakini ana punje za mahindi mkononi, na kila anaposikia neno ambalo yeye hakuliona hivyo, anatia punje moja ndani ya kopo la bati lililo katikati yao. Linalia, ting. Msimuliaji anasikia, lakini anaendelea. Siku nyingine munarudi, na punje moja moja inazungumzwa. Ni marufuku kuulizana njiani au darasani ile punje ilikuwa ya nini. "Kwa njia mutapigana," alisema, "na kwa rafiki mutadanganyana. Hapa kwa benchi mutachoka tu, na mutu akichoka anasema kweli."

Wengi walimdhania padri. Kosa hilo ni letu sisi watu wa hapa, maana wazungu wazee tuliowazoea ni mapadri. Siku moja nilikuwa pale wakati mama mmoja anayeuza unga wa muhogo alipompelekea rozari.

"Mon père, nibarikie hii."

"Mama, mimi si padri. Mimi ni mwalimu wa historia. Kwetu nilikuwa mutu wa mapinduzi, wakanifunga, wakanifukuza."

Mama alifikiri kidogo. "Bon, njo vile, mon père. Hata mitume walifungwaka. Bariki tu."

Aliishika ile rozari kwa mikono miwili, akaiambia maneno ya kwao, akairudisha. Mama akaenda akiwa ameridhika. Nilikusanya nguvu zangu zote nikamuuliza alikuwa amesema nini. "Nimesema: huyu mama iko mukaidi kuliko serikali ya kwetu." Akacheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata mama alirudi na jirani yake, ambaye alikuwa na rozari pia.

Juu ya hayo mapinduzi alisema kwa shida. Nilichokusanya ni kwamba alipokuwa kijana, nchi yake ilikuwa na chama kimoja na ukweli mmoja, na yeye na wenzake walichapa magazeti ya siri katika chumba cha nyuma cha muokaji mikate, ndiyo sababu karatasi zao zilinuka mkate na polisi wakazijua kwa pua. Alifungwa, akatolewa nje ya nchi. Miaka ikapita, wenzake wakashinda, wakamwita arudi. Akarudi. Akakuta wameandika historia ya ushindi wao, na ndani yake kila mtu alikuwa shujaa, hakuna aliyewahi kuogopa, hakuna aliyekaa nyumbani. Yeye akaandika ya kwake, akasema hapana, wengine wetu tulikaa, na wengine wetu walisema majina ya wenzao. Hawakumfunga. Waliacha kumsalimia. Alisema hiyo ndiyo iliyomfukuza vizuri zaidi. Watu walewale aliokula nao mkate wa siri walikuwa wanavuka barabara wakimwona.

Siku ile alipotusimulia hayo, mwenzangu, ambaye yeye haogopi kuuliza, alimtupia swali: "Muzee, na weye? Hii habari yako unatuambia peke yako. Mwenzako wa benchi iko wapi?"

Akamjibu: "Njo ugonjwa wangu, binti. Hapa Bunia naweza sema hata nilikuwa mufalme, hakuna mutu wa kunitilia punje. Mutu akihama mbali sana, anakuwa na hadithi yenye hakuna anayeweza kuikatala. Unajua ni nini? Ni kama kula chakula hakina chumvi, kila siku, mpaka kufa."

Sasa nije kwa mwenzangu. Siye ni watu wa ng'ombe, wa upande wa Marabo, ingawa ng'ombe wenyewe wamebaki wachache na wako kwa wajomba. Wao ni watu wa mashamba ya Djugu, upande uliopigana na wetu, wanaishi chini ya mahema kwenye site ya wakimbizi nje ya mji. Tulipopangwa benchi moja darasani hatukusemezana sana mpaka siku tulipogundua kwamba tulikuwa sehemu moja siku ile ya mbio, pale soko la Nyakasanza, tulipokuwa wadogo. Munaikumbuka: mtu alipiga kelele kwamba wanakuja, na soko lote likakimbia kabla hata ya kujua ni nani anayekuja. Mama yangu alinivuta nyuma ya duka, magazini moja iliyofungwa. Pale palikuwa na mwanamke amekaa chini na mtoto wa rika langu, midomo imekauka, na mama yangu alikuwa na bidoni, dumu la maji. Akawapa. Mwanamke yule ni mama yake, mtoto yule ni yeye. Tulipogundua hivyo, tulipiga kelele darasani mpaka tukafukuzwa nje. Ikawa hadithi yetu. Tulipenda kuwasimulia wengine, kila mmoja na kipande chake, kama wimbo wa sauti mbili.

Kwa hiyo tulikwenda kwa muzee kwa furaha, tukiona kwamba sisi tutakuwa watu wa kwanza kumaliza bila punje hata moja. Mimi nilianza. Nilisimulia kelele, mbio, magazini, bidoni. Nilisema kwamba mama hakuuliza kitu, alifungua kifuniko akatoa maji. Nilisema mama yake alikunywa mwisho, baada ya mtoto. Nilisema tulikaa hadi mvua ikaanza. Na katikati ya hayo yote, kopo likalia, ting. Moja tu. Nilishtuka, sikujua imeangukia neno gani, maana nilikuwa nasema haraka kama kawaida ya mtu mwenye haya anayetaka kumaliza. Muzee akasema: "Jumamosi ijayo tutazungumza hiyo punje, kisha itakuwa zamu ya mwenzako." Jumatatu, mwenzangu akahamia kiti cha dirisha.

Wiki nzima sikutulia. Nilirudia kila sentensi yangu nikiosha vyombo, nikisali, nikiandika mtihani wa kemia ambao nadhani nimeuharibu. Ilikuwa mvua? Labda mvua ilikuwa siku nyingine. Ilikuwa nani alikunywa kwanza? Na Alhamisi nikasikia neno lingine, si kutoka kwake bali kutoka kwa wasichana wa nyuma: familia yake imepata mahali kwa shangazi, upande wa Mahagi, gari linaondoka Jumamosi asubuhi. Niliwaza, haidhuru, muzee atatuita Ijumaa jioni, ataelewa. Ndipo prefe akaingia na kuvua miwani.

Muzee alikuwa ameomba asilale morgi, kwenye chumba cha maiti, azikwe siku ile ile, basi majirani maseremala walipigilia misumari tangu asubuhi, na alasiri tulijaa uani, ndani ya parseli yake. Kwetu marehemu hazikwi mpaka mtu wa familia asimame aeleze alikuwa nani, na aulize kama kuna mwenye neno naye. Mkuu wa mtaa akauliza, "Familia iko wapi?" Kila mtu aliangalia viatu vyake. Kisha yule mama wa unga wa muhogo akasimama.

"Mimi nitasema. Huyu baba alikuwa padri mutakatifu..."

"Punje!" Sauti ilitoka nyuma kabisa, ya muzee mmoja wa mifugo aliyewahi kukaa benchi lile.

Watu wakaguna. Mama akageuka. "Nani anasema punje?"

"Mimi. Hakuwa padri. Aliniambiaka hata misa hakuwa anaenda."

"Alibariki rozari yangu!"

"Alibariki juu ulimuchokesha!"

Kicheko kilitoka, cha kwanza siku ile, na hata mkuu wa mtaa alifunika kinywa. Mkulima mmoja akasimama akasema marehemu alikuwa askari wa zamani. Punje ikapigwa kutoka kona nyingine. Mwingine akasema alikimbia kwao kwa sababu ya mwanamke. Punje kutoka pande zote, na wanawake wakasema hapo wangependa isiwe punje. Watu wa ng'ombe walimkatalia mtu wa mashamba, watu wa mashamba wakamkatalia mtu wa ng'ombe, na kwa mara ya kwanza nilisikia pande hizi mbili zikibishana bila mtu kuangalia mlango uko wapi. Nilisimama kando ya ukuta nikifikiri: laiti angesikia. Hatimaye amepata watu wa kumtilia punje. Walichelewa kidogo tu.

Mwenzangu alikuwa ng'ambo ya jeneza. Macho yetu yalikutana, akayaondoa. Nilitaka kupiga kelele "Punje!" mimi pia, ili anisikie tu. Sikuthubutu. Tulimfukia, si upande wa mapadri, na njiani kurudi nilipita mbele ya benchi. Wageni walikuwa wamelikalia wakila, kopo liko chini, mtu ameweka majivu ya sigara ndani. Nililimwaga, nikalifuta kwa kitambaa cha kichwa, nikaenda nalo nyumbani chini ya sweta. Hakuna aliyeniuliza.

Nimejiuliza kwa nini mtu aliyefukuzwa na adui, kisha akafukuzwa na rafiki, alikuja kutumia uzee wake katika mji ambao nao kila mtu anajua tayari nani mwenye kosa. Tunasema amani, tunaiimba kanisani, tunaichora kwenye kuta. Lakini kila upande unasimulia vita nyumbani kwake, mlango umefungwa, mbele ya watoto wanaotikisa kichwa kukubali. Nimekulia ndani ya masimulizi hayo na sikuwahi kusikia kopo linalia. Siku zote nilidhani mapinduzi ni watu wengi na moshi. Muzee alifanya ya kwake kwa benchi la ubao na kopo, na mapinduzi hayo yaliomba kitu kigumu kuliko kupiga mawe: kumwacha mtu wa upande mwingine akae karibu hata bega lake ligusane na lako, na kumaliza sentensi yako ukijua ameikatala.

Jumamosi, yaani jana asubuhi, niliamka kabla ya mama kuwasha moto, nikachukua kopo na mahindi kidogo, nikaenda site kwa mguu. Gari lilikuwa limeshafika, magodoro yanapandishwa. Mwenzangu alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe, mgongo kwangu. Sikumwuliza kitu, maana ni marufuku. Nilikaa kwenye gunia lile lile, uso kwa barabara kama yeye, nikaweka kopo katikati, nikasema: "Ni zamu yako."

Akasema, bila kuniangalia: "Kwanza punje. Ulisema mama yako hakuuliza kitu."

"Ndiyo."

"Aliuliza. Alishika kifuniko, akauliza: mama, weye mutu wa wapi? Na mama yangu akasema: wa Aru. Alidanganya, maana watu wa Aru hawana upande kwa vita yetu. Njo maji ikatoka."

Wapakiaji walikuwa wakimwita. Aliendelea, akasimulia siku yake yote, na haikuwa siku yangu. Kulikuwa na kaka yake aliyepotea ndani ya mbio hadi jioni, kulikuwa na kiatu, hakukuwa na mvua. Mkono wangu ulikaa kimya. Mwishoni akasema: "Kama mama angesema Djugu, mama yako hangetupatia maji." Hapo vidole vyangu vikashika punje. Sikuitia. Sikuwa nimeliona hilo, wala yeye hakuwa ameliona. Hakuna mtu aliyeliona.

"Tia," akaniambia. "Mimi pia sijue."

Ting.

Akacheka kidogo, akafuta pua, akanigonga bega kwa bega lake, akapanda gari. Nilirudi nikiwa nakimbia. Mama alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo. Niliweka kopo chini, nikakaa kwenye mkeka karibu naye, uso kwa barabara, nikamwambia: "Mama, ile siku ya soko. Unisimulie weye, mpaka mwisho. Mimi nitanyamaza." Akasimamisha mikono. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi, na kabla hajaanza akausogeza ungo pembeni.